Wasifu wa Rubani Si Risala ya Mazishi

Leo nina hasira, nawaonya mapema. Anayetaka habari tamu apite kwa majirani, arudi kesho.

Juzi kaka yangu mkubwa kanikabidhi bahasha ya kaki. Ndani mna kurasa 64, zimechapwa vizuri, zimebanwa kwa pini, na juu kabisa kichwa kwa herufi kubwa: MFALME WA ANGA. Ndicho kitabu cha maisha ya marehemu baba yetu. Familia ilikaa kikao (siku ambayo walijua fika niko kazini), ikaamua kitoke kabla ya misa ya kumbukumbu ya miaka mitano. Na kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa habari wa ukoo, nikapangiwa kazi ya "kunyoosha Kiswahili tu".

Kunyoosha Kiswahili tu! Kama vile ni shati la kupiga pasi.

Nimekisoma mara mbili. Kiswahili chake hakina tatizo lolote. Tatizo ni kwamba mtu anayeelezwa humo simjui. Hakuwahi kuogopa, hakuwahi kukosea, hakuwahi kudaiwa dukani. Alizaliwa, akaitazama ndege ikipita juu ya mashamba ya mkonge akiwa na miaka sita, akasema "nami nitaruka", akaruka. Eti. Baba mwenyewe alituambia mara mia kwamba alitaka kuwa bwana shamba, na urubani aliuombea nafasi kwa sababu rafiki yake alikuwa na fomu mbili.

Niwape picha kidogo, maana wengi mnaopita hapa mmezaliwa wakati mambo haya yamekwisha. Kulikuwa na shirika moja la ndege la Afrika Mashariki, East African Airways, lililoanza mwaka 1946 na makao yake makuu yakiwa Nairobi. Moja tu, la nchi zote tatu. Ukisimama uwanjani ukatazama alama za usajili ungeona 5H ya Tanzania, 5X ya Uganda, 5Y ya Kenya, zote ndege za shirika lilelile. Kuanzia 1966 lilikuwa na VC10 zilizokwenda London. Na mwaka 1971 Jumuiya ikafungua chuo cha urubani Soroti, Uganda, kwa sababu viti vya mbele bado vilikuwa vimejaa wageni, na nchi zimeshapata uhuru muongo mzima. Baba alikuwa katika vijana wa mwanzo kabisa kupita pale. Kutoka Muheza hadi Soroti, kutoka Soroti hadi Nairobi, kiti cha rubani msaidizi kwenye Fokker Friendship. Hilo si jambo dogo na sitaki mtu aseme nalidharau. Ninajivunia mpaka leo nikisikia injini za pangaboi.

Sasa nendeni ukurasa wa 31. Nanukuu kazi ya kaka yangu yote kuhusu miaka ile: "Kuanzia 1973 hadi 1977 aliishi Nairobi kikazi." Nukta. Aya inayofuata tuko Dar es Salaam, baba anavaa suti ya harusi.

Miaka minne, sentensi moja! Miaka ileile ambayo ndiyo sababu ya kuandika kitabu! Na kwa nini? Kwa sababu Nairobi kuna mtu aliyezaliwa 1975 mwenye paji la uso la baba, masikio ya baba na jina la babu yetu. Kila mtu katika ukoo huu anajua. Shangazi anajua, kaka anajua, mimi nimejua tangu kidato cha pili. Mama amejua kabla yetu sote. Lakini kitabuni tumekubaliana kwamba baba alikaa Nairobi miaka minne akiangalia dari.

Hapa ndipo ninapotaka tugombane, wasomaji wangu. Hili si la ukoo wangu peke yake. Sisi tuna neno moja, wasifu, tunalitumia kwa mambo matatu: karatasi ya kuombea kazi, karatasi inayosomwa kaburini, na kitabu cha maisha ya mtu. Matokeo yake vitabu vyetu vya maisha ya watu vinafanana na zile karatasi mbili za kwanza. Alisoma hapa, akafanya kazi pale, ameacha mjane na watoto watano, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad hakuona haya kutuambia kwamba mwimbaji yule alianza kwa kuuza vyungu. Siti alipungua nini? Sisi wajukuu zake tumekuwa waoga kuliko yeye.

Na marubani ndio wanaoharibiwa zaidi. Mtu akishakuwa "wa kwanza" tunamnyang'anya miguu. Rubani wa kwanza wa wilaya, wa kwanza wa kabila, wa kwanza kutua uwanja fulani. Kitabu cha kaka kina neno "wa kwanza" mara 27, nimehesabu. Hakina jina la fundi hata mmoja. Hakina hata neno moja kuhusu tarehe 18 Aprili 1972, siku ambayo VC10 ya shirika hilohilo ilishindwa kuruka Addis Ababa na watu 43 wakafa kati ya 107 waliokuwemo. Baba alikuwa mwanafunzi wakati huo. Kipande cha gazeti cha habari ile alikikunja akakiweka ndani ya daftari lake la Soroti, na kimo humo hadi leo. Unadhani mtu anatunza kipande kama hicho miaka hamsini kwa sababu haogopi? Kaka anasema ni mkosi kukitaja.

Wanaosema mtoto hawezi kuandika maisha ya mzazi wake bila kupaka rangi, niwape mfano wa mbali, kwa rubani mkubwa kuliko wote. Charles Lindbergh. Mei 1927 aliruka peke yake kutoka New York hadi Paris, saa 33 na nusu bila kutua, akashuka akiwa mtu anayepigwa picha kuliko wote duniani. Mwanawe wa kwanza aliibwa na kuuawa mwaka 1932. Mwaka 1938 alipokea nishani kutoka kwa Göring, na Septemba 1941 akatoa hotuba Des Moines akiwashutumu Wayahudi kwamba wanaisukuma Marekani vitani. Hii ndiyo mali ambayo binti yake, Reeve, alirithi. Mwaka 1998 akaandika kitabu kuhusu wazazi wake, na ile hotuba hakuiruka. Mwaka huohuo mwandishi A. Scott Berg, ambaye familia ilimfungulia makabati yote ya nyaraka, naye akatoa wasifu mnene uliopata tuzo ya Pulitzer. Watu wakasema basi, Lindbergh amekwisha kuandikwa.

Mwaka 2003 wakajitokeza ndugu watatu kutoka Ujerumani. Mama yao alikuwa mshona kofia wa Munich. Walipokuwa wadogo kulikuwa na Mmarekani mrefu akija mara chache kwa mwaka, anawapikia, anawachezea, anaondoka. Waliambiwa anaitwa Careu Kent. Walikuwa na barua zake zaidi ya mia. Vipimo vya DNA vikathibitisha: baba yao ni Lindbergh. Ikaja kujulikana kwamba Ulaya aliacha watoto saba kwa wanawake watatu, wote wakizaliwa wakati ana mke na watoto nyumbani.

Sasa msikilizeni Reeve alifanya nini. Angeweza kukaa kimya, kitabu chake kilikuwa kimeshauzwa. Alipanda ndege akaenda kuwatafuta ndugu zake, na mwaka 2008 akaandika tena, safari hii nao wakiwemo. Kitabu cha kwanza hakikuwa uongo, hakujua. Sisi TUNAJUA, na bado tunataka kuandika kile cha kwanza.

Wengine mtasema ah, hayo ni ya Wazungu. Haya, njooni nyumbani. Beryl Markham alikulia Kenya, alirusha ndege Kenya, amefia Nairobi mwaka 1986. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Kitabu cha maisha yake, West with the Night, kilitoka 1942 na hadi leo watalii wanakinunua Nairobi. Mna farasi humo, mna tembo, mna mbwa wake. Waume zake hawamo. Mtoto wake wa kiume hayumo. Ninakipenda kitabu kile, lakini kila nikikisoma namuuliza: na kijana wako je? Yeye alikuwa akiandika habari zake mwenyewe, alikuwa na ruhusa ya kujificha. Mtoto anayeandika ya mzazi hana ruhusa hiyo, kwa sababu anayefichwa mara nyingi ni ndugu yake.

Najua jibu la kaka. Amelitoa jana kwenye simu: "Jumuiya ilivunjika, bwana mdogo. Baba alikatwa na historia." Ni jibu zuri na nusu yake ni kweli. Mwaka 1977 shirika lilikufa, Jumuiya ikafa, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Ulikaa umefungwa mpaka 1983. Watu walipoteza kazi, nyumba, akiba za uzeeni, wengine wake na waume. Hiyo ndiyo sura ambayo kitabu chetu kingekuwa nayo peke yake Tanzania nzima: Jumuiya ilivunjikaje ndani ya nyumba moja. Mawaziri wameshaandika ya kwao. Nani ameandika ya mtoto wa miaka miwili aliyeamka baba yake yuko nchi nyingine na barabara imefungwa?

Lakini mimi ninalo daftari la safari. Kila rubani analo: tarehe, aina ya ndege, usajili, kutoka wapi kwenda wapi, saa za mchana, saa za usiku. Baba alikuwa na mwandiko wa mwalimu. Kuanzia 1977 mpaka 1983 Nairobi haionekani humo hata mara moja. Mwaka 1984 inarudi. Nimehesabu kwa kalamu: mwaka ule na uliofuata alitua Nairobi mara 11. Ndugu yangu wa Nairobi anakumbuka kumwona mara mbili.

Mara mbili kati ya 11. Hapo historia haina kosa. Mpaka ulikuwa wazi, ndege imetua, teksi zipo. Baba aliogopa. Na ninaposema aliogopa ndipo kwa mara ya kwanza namwona mzee wangu akiwa mtu, amekaa hotelini Nairobi na sare yake, anatazama saa. Huyo ndiye ninayetaka kumwandika. Mfalme wa Anga mpeni mtu mwingine anyooshe Kiswahili chake.

Sasa lile gumu. Jumapili nilikwenda kwa mama. Baada ya shikamoo na chai nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Andika, mwanangu. Lakini ngoja nife kwanza."

Hilo sina majibu yake ya haraka, na anayejidai analo ananidanganya. Hata wale ndugu wa Ujerumani walingoja. Mama yao alifariki 2001, mke wa Lindbergh alifariki mwaka huohuo, wao wakajitokeza 2003. Walitunza heshima za wazee na siwacheki. Mama yangu hakumkosea mtu. Aliolewa 1979, akalea watoto watano na mume ambaye wiki nzima yuko angani, na sasa mtoto aliyemlipia ada ya chuo anakuja kumwambia kwamba aibu ni historia.

Ila kuna mama mwingine. Yuko Nairobi, ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua. Huyo hakuna kikao kilichomuuliza anataka kungoja au hataki. Anakumbuka nyumba waliyopanga, mshahara ulivyokuwa ukichelewa miezi ya mwisho, begi alilobeba baba na maneno aliyosema mlangoni. Yakiondoka naye hayo, hata tukipata ujasiri miaka kumi ijayo tutaandika nini? Tutabaki na sentensi ya ukurasa wa 31.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Bahasha nimemrudishia kaka. Kiswahili sijagusa hata koma. Kwenye ukurasa wa 31, baada ya ile nukta, nimechora mstari kwa penseli na kuandika pembeni: "Kurasa 40 ziingie hapa." Tiketi ya basi la Nairobi nimeshakata, naondoka mwisho wa mwezi na kinasa sauti. Kuchapisha tutazozana baadaye, kurekodi hakungoji. Kikao cha familia ni Jumamosi saa kumi, naambiwa hata baba mdogo wa Korogwe anakuja, na huyo haji bure.

Haya, uwanja wenu. Nitukaneni, lakini mwenye mzee aliyefanya kazi East African Airways, awe rubani, fundi au karani, kabla hajanitukana aende kwanza akamuulize alikuwa wapi siku shirika lilipofungwa.

Nilitaka kuishia hapo, ila jana usiku mama alinipigia. Kitabu hakukitaja kabisa. Aliuliza tu kama yule wa Nairobi ana watoto. Nikamwambia watatu, mkubwa yuko chuo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama umeme umerudi huku kwetu.