Si Michezo Pekee Iletayo Virusi

Wanafunzi wenzangu, kila tarakilishi ikiugua katika maabara yetu, lawama huwaangukia wacheza michezo. Jamani, tuache uonevu! Mwaka wa 1999 virusi vya Melissa vilienea ndani ya hati za Word, kwa kuwa hati hizo huweza kubeba makro, yaani amri zinazojiendesha. Vilijituma kwa anwani 50 za kwanza za mwenye mashine. Mwaka wa 2000 kukaja ILOVEYOU kutoka Ufilipino. Jina la faili liliishia .TXT.vbs, lakini Windows ikauficha ule mkia wa .vbs. Watu wakadhani ni maandishi matupu, wakabonyeza. Kumbe ni programu! Ikawaharibia hata picha zao.

Muhula uliopita nilikuta folda za mradi wangu zimefichwa kwenye flashi, na mahali pake pana njia-mkato zenye majina yale yale. Nikabonyeza. Kabla sijagutuka, mashine tatu zilikuwa zimeambukizwa. Na michezo mimi sichezi, hata karata!

Walimu wetu, badala ya kutunyang'anya flashi mlangoni, wekeni mashine zionyeshe majina kamili ya faili, mkia na yote. Hilo halihitaji hata shilingi moja.