Mali Bila Daftari: Siri ya Fundi Inavyoua Injini

Leo naweka kando mambo ya seva na simu. Leo ni injini. Lakini msinikimbie, maana mwisho wa siku ni jambo lile lile ninalolipigia kelele hapa kila mara: mtu anayebadilisha kitu bila kupima na bila kuandika hajui anachofanya, hata kama mikono yake ina grisi ya miaka ishirini.

Hapa Bungoma na kule Kitale bodaboda karibu zote ni stroko nne. Lakini ukiuliza vizuri utaonyeshwa Yamaha DT125 za zamani zilizofunikwa kwa gunia nyuma ya nyumba, na wachache wana KTM ndogo za motocross. Hizi ni stroko mbili, zile za kuchoma oili pamoja na petroli. Vijana wanazifungua nyumbani, wanazityuni, halafu wanazitafutia uwanja. Mimi nawaunga mkono kabisa. Kijana anayefungua silinda kwa hiari yake ni ndugu yangu, tofauti yetu ni kwamba yeye ana spana na mimi nina kibodi.

Ninachopinga ni kitu kimoja: siri ya fundi.

Mwulize fundi aliyetyuni, "Mzee, umeweka jeti namba ngapi?" Atacheka. "Kijana, hiyo ni siri ya kazi." Mlango wa egzosi umeupandisha milimita ngapi? "Nilienda na sikio." Na ile injini nyingine iliyonoki mwezi uliopita, ilikuwa na jeti gani? Kimya. Hapo ndipo siri inapofichuka. Hafichi namba. Namba hana.

SIRI YENYEWE HAIPO

Katika miaka ya 1950 kulikuwa na mhandisi wa Ujerumani Mashariki, Walter Kaaden, katika kiwanda cha MZ mjini Zschopau. Pesa zilikuwa chache. Akachukua osiloskopu akaanza kutazama mawimbi ya mgandamizo yanavyotembea ndani ya bomba la egzosi. Kufikia 1961 injini yake ya cc 125 ilikuwa inatoa takriban nguvu za farasi 25, yaani 200 kwa kila lita, bila kusaidiwa na pampu yoyote ya kusukuma hewa. Mwezi Septemba mwaka huo huo dereva wake, Ernst Degner, akatoroka wakati wa mashindano ya Sweden, akajiunga na Suzuki na kwenda nayo maarifa yote. Mwaka 1962 Degner na Suzuki wakawa mabingwa wa dunia wa cc 50. MZ hawakuwahi kutwaa ubingwa huo hata mara moja.

Mwaka 1973 Mmarekani Gordon Jennings akachapisha kitabu kizima cha kutyuni injini hizi, fomula zikiwa ndani. Kwa hiyo mambo haya yako wazi kwa zaidi ya miaka 50. Anayekuambia ana siri ya stroko mbili anakuuzia maji ya mto Nzoia kwenye chupa.

KELELE SI NGUVU

Stroko mbili haina valvu kichwani kama Boxer. Pistoni yenyewe, ikipanda na kushuka, ndiyo inafungua na kufunga milango iliyo ubavuni mwa silinda. Shida ni kwamba mlango wa kuingiza mchanganyiko mpya na mlango wa kutoa moshi huwa wazi kwa pamoja kwa muda, kwa hiyo petroli mbichi hukimbilia nje. Kinachoirudisha ndani ni bomba la egzosi, lile lenye tumbo nene. Moshi ukitoka hupiga wimbi. Wimbi likifika kwenye koni ya nyuma hurudi, na likirudi kwa wakati wake huisukuma petroli ndani ya silinda kabla mlango haujafungwa.

"Kwa wakati wake" ni hesabu, tena rahisi. Chukua digrii ambazo mlango wa egzosi hukaa wazi, zidisha kwa mwendo wa wimbi ndani ya moshi wa moto (mita 518 hivi kwa sekunde), gawanya kwa 12 mara mizunguko ya injini kwa dakika. Jibu ni urefu kwa mita, kuanzia kwenye pistoni hadi katikati ya koni ya nyuma. Mlango wa digrii 180 na mizunguko 9,000 unakupa sentimita 86. Ukitaka nguvu ije kwenye mizunguko 8,000, unahitaji sentimita 97. Mistari mitatu ya programu, au kikokotoo cha simu yako.

Sasa tazama kijana anavyokata hilo bomba kwa hakso ili "ipumue". Kelele inaongezeka mpaka mbwa wa jirani wanaitika, na nguvu inakwenda zake. Kifaa kilichokuwa kikimrudishia petroli amekitupa kwenye vyuma chakavu.

TUPA HAINA "UNDO"

Katika kazi yangu nikiharibu mstari wa kodi narudi kwenye toleo la jana. Tupa hairudi. Kwenye injini yenye stroko ya milimita 50, kama DT125, ukipandisha ukingo wa mlango wa egzosi kwa milimita 1 tu umeongeza karibu digrii 5 za kukaa wazi. Milimita 1! Hiyo ni mikwaruzo michache ya tupa huku unapiga stori. Nguvu inahamia juu, chini inakufa, na bomba lililokuwa na urefu sawa sasa si sawa tena.

Ndiyo maana nasema pima kwanza. Duara la digrii 360 unaprinti kwenye saiba, unalibandika kwenye ubao mwembamba, unalifunga kwenye krenki, waya mnene unakuwa mshale. Umepata kifaa kile kile wanachotumia wakubwa. Tatizo halijawahi kuwa umaskini wa vifaa.

NAMBA AMBAZO HAKUNA ATAKAYETUANDIKIA

Hapa sasa ndipo siri inapogharimu watu.

Kitabu na kiwanda vitakupa jeti ya kuanzia, na mara nyingi hiyo imepangwa kwa hewa ya nchi za chini, karibu na bahari. Sisi hatuishi baharini. Bungoma mjini ni takriban mita 1,400. Kitale ni kama mita 1,900. Kwa joto lile lile, hewa ya Kitale ina uzito wa asilimia 80 hivi tu ya hewa ya Mombasa. Kabureta haijui jiografia: ukiacha jeti ya Mombasa, pale Kitale mchanganyiko unazidi petroli kwa takriban asilimia 12. Plagi inakuwa nyeusi, injini inakohoa. Fundi anapunguza jeti, pikipiki inalia vizuri, kila mtu anampigia makofi. Mpaka hapo sawa.

Halafu kijana anabeba pikipiki hiyo kwenye pikapu, anavuka Malaba, anakwenda kukimbia Garuga kule Uganda, kando ya Ziwa Victoria. Ziwa liko mita 1,134. Hewa ni nzito kuliko ya Kitale, na jeti ni ile ile ya siri. Sasa petroli imepungua kwa asilimia 5 hivi. Kwa bodaboda hutasikia tofauti. Kwa injini iliyotyuniwa mpaka ukingoni, hiyo ni balaa, kwa sababu mchanganyiko mkavu unawaka kwa joto kali, na kwenye stroko mbili ya kuchanganyiwa oili tangini, oili inasafiri ndani ya petroli. Ukipunguza petroli umepunguza na oili. Pistoni inavimba, inashika silinda, na gurudumu la nyuma linafunga ghafla huku kijana yuko mwendo wa kasi. Asipowahi kubana klachi, anaruka.

Kwa hiyo tukisema "siri ya kazi" tujue tunazungumzia nini. Tunazungumzia shingo ya mtoto wa mtu. Namba moja kwenye karatasi, "jeti hii ni ya Kitale, ukishuka ziwani ongeza", ingetosha kumlinda.

Na namba hiyo hakuna Mjapani atakayetuandikia. Fomula ziko duniani kote, lakini jeti ya Kitale asubuhi ya baridi ya Julai, na ya Bungoma mchana wa Februari, kwa petroli ya vituo vyetu, zinaweza kutoka kwetu peke yetu. Zimewahi kupatikana mara nyingi tu. Kila mara zimeishia kichwani mwa fundi mmoja, na fundi akizeeka zinakwenda naye. Mwanafunzi wake anaanza upya, kwa pistoni za wateja.

"LAKINI SIRI NI MKATE WANGU"

Nalijua jibu hili na silidharau. Fundi wa jua kali hana mshahara wala pensheni. Akitoa namba, jirani atamnyang'anya wateja.

Namjibu hivi. Kodi ya Linux iko wazi tangu 1991, yeyote anaisoma bure, na ndiyo iliyo ndani ya kila simu ya Android mfukoni mwako. Waandishi wa programu hawakufa njaa. Mimi mwenyewe nalipwa kwa kazi iliyojengwa juu ya vitu vya bure. Mteja hanunui namba, ananunua mkono. Ukimpa mtu urefu wa bomba, bado lazima mtu alichome bila kutoboa, apige koni ikae sawa, apime mara tatu. Fundi hodari ndiye atakayefaidika zaidi daftari likifunguliwa, kwa sababu ndipo itakapoonekana nani anajua na nani anabahatisha. Anayeogopa daftari ni yule wa pili.

Wahenga walishamaliza: mali bila daftari hupotea bila habari.

LIANDIKWE NINI?

Daftari la shilingi chache linatosha. Kila ukigusa injini, andika:

1. Mahali, kimo chake (simu itakuambia), saa na joto.
2. Namba ya jeti kubwa, jeti ndogo, na sindano iko kwenye mkato wa ngapi.
3. Oili ya aina gani, kiasi gani kwa lita ya petroli.
4. Milimita kutoka ukingo wa juu wa silinda hadi ukingo wa juu wa mlango wa egzosi, kabla na baada ya tupa.
5. Urefu wa bomba.
6. Rangi ya plagi baada ya kukimbia gesi yote na kuzima hapo hapo.
7. Muda kwa saa ya simu, umbali ule ule, mara tatu, tena uwanjani na si barabara ya watu.

Na sheria moja juu ya zote: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha jeti, bomba na plagi siku moja kisha pikipiki ikakimbia, hujajifunza chochote. Umeshinda bahati nasibu.

Walimu wa ufundi wa Kitale National Polytechnic na wa Sang'alo, nanyi nawaita. Mwanafunzi anayemaliza kozi ya magari bila kuwahi kujaza kurasa kumi za vipimo vyake mwenyewe, mmemfundisha kukariri.

Nimeanza la kwangu, na nitaliweka hapa wazi, kila jeti, pamoja na zile zilizoshindwa. Aliye na namba zake za Kitale, Kimilili, Webuye, au hata Mbale ng'ambo ya mpaka, aziweke hapo chini. Jina si lazima. Kimo ni lazima.

Na fundi atakayekuja kuniambia ana siri, nitamwomba jambo moja tu: aniandikie.