Mwenye Kaya si Mja wa Daraja la Pili



Wapendwa wanaparokia, wahenga wa pwani walituachia methali isemayo "Baniani mbaya, kiatu chake dawa". Huwa tunaitumia kwa kicheko, tena kicheko kisicho na heshima. Wiki hii nataka kuizungumzia dini ya huyo Baniani, lakini viatu vyake naviacha mlangoni. Naingia moja kwa moja jikoni kwake. Sababu ni kwamba ipo kauli inayorudiwa vitabuni, kwenye semina na hata mimbarini, nayo si ya kweli. Kauli hiyo yasema kwamba Uhindu ni dini ya kuukimbia ulimwengu. Mhindu mtakatifu, twaambiwa, ni yule mzee mwenye vazi la rangi ya zafarani na nywele zilizosokotana, aketiye kando ya mto Ganges, asiye na mke, wala mtoto, wala sufuria. Aliyebaki nyumbani akilea na kuhangaikia riziki ni mja wa daraja la pili, angojaye kuzaliwa upya ili naye siku moja awe mtawa.

Naikataa kauli hiyo. Inawasingizia mamilioni ya watu waliokwisha kufa na walio hai. Tena neno la namna hii halibaki kwa jirani. Ukishaamini kwamba mbele ya Mungu jiko la Mhindu si kitu, hutakawia kuamini hivyo juu ya jiko la mama yako.

Tuanze na vitabu vyao wenyewe. Mapokeo ya Kihindu yanataja hali nne za maisha, ziitwazo ashrama: mwanafunzi aishiye kwa mwalimu wake, mwenye kaya aliyeoa, mzee aliyejitenga mwituni, na mwisho sanyasi, yaani aliyeacha vyote. Wengi wetu tukiisoma orodha hiyo huidhani ngazi, tukasema wa juu kabisa ndiye bora. Lakini Manusmriti, kitabu cha sheria cha takriban miaka 2000 iliyopita, chasema kwamba kama viumbe vyote vinavyoishi kwa hewa, ndivyo hali nyingine zote zinavyoishi kwa mwenye kaya. Yeye ndiye anayemlisha mwanafunzi, mzee wa mwituni na sanyasi, kwa kuwa hao hawapiki. Kitabu hicho hicho kinamtaka mtu angoje mpaka auone mkunjo wa ngozi yake, mvi zake na mtoto wa mtoto wake, ndipo afikiri habari za kwenda mwituni. Akikimbilia wokovu kabla ya kulipa madeni yake matatu, yaani kwa wahenga wenye hekima kwa kusoma, kwa miungu kwa sadaka, na kwa mababu kwa kuzaa, ataanguka chini badala ya kupanda.

Baudhayana, aliye wa kale kuliko Manu, ni mkali zaidi. Anashikilia kwamba hali ya maisha ni moja tu, nayo ni ya mwenye kaya, kwa kuwa katika nyingine hakuna uzazi. Na huo mgawanyo wa hali nne umetoka wapi? Anajibu kwamba ulibuniwa na Kapila, mwana wa Prahlada, mmoja wa asura, yaani maadui wa miungu, katika kushindana nao. Naam, msomaji, umesoma sawasawa: kwa mwalimu huyo, fikra ya kuiacha nyumba kwa ajili ya utakatifu ni hila ya adui. Mtaalamu Patrick Olivelle, katika kitabu chake cha mwaka 1993 juu ya mfumo wa ashrama, ameonyesha kwamba hapo mwanzo hali hizi hazikuwa hatua za kufuatana. Zilikuwa chaguo la maisha yote, na wenye kuandika sheria walibishana vikali juu yake. Basi atakayesema kwamba Uhindu umesema hivi au vile juu ya familia, kwanza aeleze anamsikiliza nani kati ya wanaobishana.

Sasa twende jikoni, maana hapo ndipo penye utamu. Manusmriti yasema kila nyumba ina machinjio matano: jiko, jiwe la kusagia, ufagio, kinu na mchi wake, na mtungi wa maji. Machinjio! Kwa sababu moto huunguza vijidudu, ufagio huwaponda siafu, mchi hausikii kilio cha kilicho chini yake. Hakuna anayekula bila kuua. Je, dawa ya hatia hiyo ni kuuzima moto na kwenda zako? Kitabu hakisemi hivyo. Kinaagiza sadaka tano kubwa za kila siku, na zote ni za nyumbani: kusoma na kufundisha maandiko, kuwamiminia mababu maji, kuwatolea miungu motoni, kuwawekea viumbe tonge lao, na kumpokea mgeni. Tonge hilo la viumbe huwekwa chini kwa ajili ya mbwa, kunguru, wadudu, wagonjwa na waliotengwa na jamii. Mgeni hula kabla ya wenyeji. Lakini bibi harusi mpya, mtoto, mgonjwa na mja mzito hula hata kabla ya mgeni. Mume na mke hula mwisho, kilichosalia.

Mimi nimelelewa seminarini, na kwa zaidi ya miaka 20 nimekula chakula kilichopikwa na wengine. Sioni niwezavyo kumdharau aliyeshika mwiko. Na hata leo, nenda Kisutu jijini Dar es Salaam, nenda Mombasa au Nairobi: hekalu lipo, lakini ibada ya kila siku ya Mhindu iko nyumbani, mbele ya kijialtare cha familia, penye taa, maua na chakula kilichotolewa kabla hakijaonjwa.

Kwa nini basi tumemwona mtawa peke yake? Nadhani ni kwa sababu waliokwenda kutazama walikuwa watawa. Mjesuiti Roberto de Nobili alifika Madurai mwaka 1606, akavaa na kuishi kama sanyasi. Mwaka 1950 mapadre Wafaransa Jules Monchanin na Henri Le Saux walianzisha ashram ya Shantivanam kando ya mto Kaveri, na kuanzia mwaka 1968 Bede Griffiths, Mbenediktini, akaiongoza. Nawaheshimu wote. Lakini mtawa husafiri mbali akamtambua mtawa mwenzake, na habari anazotuletea ni za utawa. Hata Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la tarehe 28 Oktoba 1965, lisemalo mema juu ya Uhindu, linataja maisha ya kujinyima, tafakari ya kina na kumkimbilia Mungu kwa upendo na matumaini. Nyumba haikutajwa. Ni aya fupi, haiwezi kusema yote. Lakini wanaoifafanua hawana udhuru wa kuishia palepale.

Mtu atanijibu: je, Shankara? Kweli, mwalimu huyo, ambaye kwa kawaida huwekwa katika karne ya 8, alifundisha kwamba sadaka na kazi hazimfikishi mtu kwenye ukombozi. Kinachofikisha ni maarifa, na njia yake ni kuacha vyote. Sikani, na wafuasi wake ni wengi. Lakini tazameni jinsi mapokeo yanavyomsimulia: alimwahidi mama yake kwamba atarudi saa ya kufa kwake, akarudi Kaladi, akamfanyia maziko kwa mikono yake ingawa sanyasi hapaswi kufanya ibada hiyo na jamaa walimkatalia. Watu waliomtukuza Shankara kwa kuiacha nyumba hawakuweza kustahimili hadithi ambamo amemwacha mama. Na katika Bhagavad Gita, Arjuna anapotaka kuacha wajibu wake akaishi kwa kuombaomba, Krishna anamkatalia, akimtajia Mfalme Janaka aliyeufikia ukamilifu akiwa kazini.

Pingamizi zito zaidi ni jingine. Manu huyuhuyu asifuye kaya ndiye asemaye kwamba mwanamke awe chini ya baba, kisha mume, kisha wanawe, asijitawale kamwe. Ndiye awawekaye watu wa tabaka la chini mbali na maandiko. Tarehe 25 Desemba 1927, huko Mahad, Dk. B. R. Ambedkar na wenzake waliichoma Manusmriti hadharani, na sina neno la kuwalaumu. Ila hoja yao haiiangushi yangu. Kama kusaga, kufagia na kuteka maji ni kazi iliyofungamana na sadaka, basi aliye na mchi mkononi ndiye anayehudumu altareni, na kumfanya mtumwa ni kuinajisi ibada yenyewe. Wanaume waliandika kwamba kaya ni hekalu, kisha wakajiandikia thawabu. Kosa liko kwenye daftari la thawabu; kazi yenyewe haina kosa.

Tena Mahabharata inamjua mwanamke huyo. Brahmani mmoja aitwaye Kaushika aliwaacha wazazi wake akajitia katika kujinyima. Siku moja ndege alimchafua kutoka mtini. Akamtazama kwa hasira, ndege akaanguka amekufa. Akaenda kuomba chakula kwenye nyumba moja. Mama mwenye nyumba alikuwa anasafisha chombo. Mara mumewe akaingia na njaa, akamhudumia kwanza, mwombaji akangojeshwa. Kaushika akafura. Yule mama akamwambia asimkodolee macho, kwani yeye si yule ndege. Alikuwa hajasimuliwa habari ile na mtu yeyote. Alijua tu, kwa wajibu wake aliouishi kwa uaminifu. Kisha akamtuma Mithila, kwa mchuuzi wa nyama buchani.

Brahmani buchani! Alimkuta katikati ya nyama ya nguruwe mwitu na nyati, wateja wamemzunguka, na mchuuzi akamwambia najua ni nani aliyekutuma. Akampeleka nyumbani, akamwonyesha baba na mama yake wazee wakiwa wamekula, wamevaa vyeupe, wameketi mahali pazuri. Hawa, akasema, ndio miungu yangu. Kisha akamweleza Kaushika habari ambayo mtawa huyo hakutaka kuijua: kwamba wazazi wake mwenyewe, aliowaacha bila ruhusa ili akasome Veda, walikuwa wamepofuka kwa huzuni. Akamwambia arudi kwao. Kaushika akamzunguka mchuuzi kwa heshima, akaenda nyumbani kuwatunza.