Chimbueni Mche Mmoja Maharage Yakitoa Maua

Wakulima wenzangu, nina ombi dogo. Msimu huu maharage yakianza kutoa maua, chukua jembe uchimbue mche mmoja taratibu, pamoja na udongo wake, kisha uuoshe kwenye ndoo. Usiuvute kwa mkono, maana tunachokitafuta kitabaki ardhini.

Utaona vinundu mfano wa punje za mtama vimeng'ang'ania ubavuni mwa mizizi. Wengi tumevidhania ugonjwa. Ugonjwa upo, wa minyoo fundo, lakini huo huvimbisha mzizi wenyewe; kinundu chema hubanduka kwa ukucha. Kipasue. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inaendelea: rangi hiyo ni ya hemoglobini, ndugu yake ile iliyo katika damu yako.

Humo wanaishi bakteria waitwao rizobia. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, ila mmea hauwezi kuitumia mpaka rizobia waigeuze, na mmea huwalipa sukari. Hata hivyo hawafanyi kazi peke yao. Nje ya mzizi wapo Azospirilamu, wanaouchochea uote vinyweleo vingi, na vinyweleo ndivyo mlango wa rizobia. Wapo pia baadhi ya jamii ya Basilasi, wanaofungua fosforasi iliyonaswa kwenye udongo. Bila fosforasi, vinundu hudumaa. Ni ujima hasa, halafu sisi tunakuja na kiberiti!

Basi tuache kuchoma mabaki. Yurea nayo tuipeleke kwenye mahindi, kwani maharage yakishiba naitrojeni ya mfukoni huacha kuunda vinundu. Wakati wa kuvuna, tukate shina kwa mundu, mizizi ibaki. Najua tumezoea kung'oa. Najua pia maharage si hodari kama kunde au soya, na naitrojeni nyingi huondoka na punje; hicho kidogo kinachobaki ndicho ninachokitetea.

Usipoona vinundu, ulizia kwenye duka la pembejeo unga wa rizobia wa kupaka mbegu, kama Biofix iliyoanzia Chuo Kikuu cha Nairobi. Taja zao lako, kwa sababu wa soya haufai kwa maharage. Upake kivulini, upande siku hiyohiyo, maana jua huwaua rizobia.

Na ule mche uliouosha usiutupe. Mpelekee jirani anayechoma mabaki, umpasulie kinundu kimoja ajionee.