Shemeji anatafuta pikapu, msimuuzie jina

Nilikuwa kimya kidogo, kazi za chumba cha habari zilinibana, halafu likaja hili suala la shemeji. Nimelizungumza nyumbani, nimelizungumza ofisini, nimelizungumza hadi kwenye daladala, na kila mtu ananijibu kwa neno moja tu: Hilux. Basi leo naomba niliandike, labda nikiliandika litanitoka kichwani.

Shemeji yangu, mume wa dada, ana biashara ndogo kule Mbagala. Anakodisha viti, maturubai na jenereta. Harusi, kicheni pati, misiba, kipaimara, yote anakwenda. Kwa miaka minne amekuwa akikodi kirikuu kubebea vitu vyake, na kila mwezi akifunga hesabu anakuta faida imeishia kwa mwenye kirikuu. Mwaka huu akaamua. Akachongesha tela pale Gerezani, tela zuri tu la matairi mawili, na SACCOS yao ikampa mkopo wa milioni 18 anunue pikapu ya kulivuta. Dhamana ya mkopo ni kiwanja. Na kiwanja chenyewe alikinunua dada kabla hata hawajaoana. Mnaona ni kwa nini mimi nimelivalia njuga jambo ambalo si langu.

Sasa, kabla pikapu haijapatikana, mwezi uliopita shemeji aliazima ya jirani. Sitaitaja ni ya kampuni gani, maana kosa halikuwa la kampuni. Tulikuwa tunatoka kupeleka viti msibani huko Pugu, mimi nikiwa kiti cha abiria. Kupanda tulipanda vizuri, injini ina nguvu kweli kweli, shemeji akawa anaisifia njia nzima. Kurudi, kwenye mteremko, akakanyaga breki. Pikapu ikapunguza mwendo. Tela halikupunguza. Likaanza kutusukuma kutoka nyuma, halafu likaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, kushoto, na kila likitikisika na sisi tunatikisika. Tuliishia mtaroni. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema, lakini viti vilimwagika barabarani na kuna mama alikuwa ameweka meza yake ya ndizi kama hatua kumi kutoka pale tulipotulia. Hatua kumi! Bado naiota ile meza.

Tangu siku ile nina msimamo mmoja, na ndio sababu ya makala hii. Watu wetu wakinunua pikapu ya kuvuta tela wanauliza swali moja: itavuta? Jamani, karibu pikapu yoyote yenye injini nzima itavuta tela dogo. Swali ni je, itasimama? Na baada ya hapo, je, itabaki na hela ya kuihudumia? Hilux, Isuzu, L200, Nissan, hayo ni majina. Breki, chasisi na hela iliyobaki mfukoni ndivyo vitakavyoamua kama kiwanja cha dada kitabaki cha dada.

Tulipotulia tulichukua mzani tukapima. Kiti kimoja cha plastiki ni kilo mbili na nusu. Viti 200 ni kilo 500 tayari. Tela tupu lina kama kilo 250. Ukiongeza maturubai na mabomba yake, kilo 100 nyingine, umefika 850. Wenzetu wa Ulaya wameweka mstari: tela lisilo na breki zake lenyewe, uzito wake pamoja na mzigo usizidi kilo 750. Ukizidi hapo, tela liwe na breki. La kwetu la Gerezani halina breki hata ya kuchora. Kwa hiyo hatua ya kwanza haikuwa kununua chochote, ilikuwa kuhamisha maturubai na mabomba kuyapeleka kwenye bodi ya pikapu pamoja na jenereta, na viti kuvisogeza mbele kidogo ili uzito kiasi uegemee kwenye ndoano. Siku ile ya Pugu tulikuwa tumepakia nyuma kwa sababu ni rahisi kupakua. Tela lililopakiwa nyuma ndilo linalotikisa mkia. Na mwendo nao: gari likienda 80 lina nguvu ya kuzuiliwa mara nne ya likienda 40, si mara mbili. Hiyo ni fizikia ya kidato, tuliikariri tukaisahau.

Haya, turudi kwenye hizo Hilux.

Sizipingi. Hilux ipo tangu 1968, na sifa yake haikutengenezwa na madalali. Wengi wenu mmeona kile kipindi cha Top Gear cha 2003, walipoizamisha Hilux ya zamani baharini, wakaichoma moto, wakaiweka juu ya jengo na kulibomoa jengo lenyewe, na bado ikawaka. Mimi pia nilipiga makofi. Ila hakuna hata dakika moja kwenye kipindi kile waliyoifunga tela la viti 200 na kuiteremsha Pugu. Kuwaka ni jambo moja. Na tatizo la sifa ni kwamba muuzaji naye anaijua. Kwa milioni 18 shemeji anapata Hilux iliyochoka, au pikapu ya jina lingine iliyo na afya na chenji juu. Mjini wanamshauri achukue iliyochoka kwa sababu "Toyota haifi". Inakufa, ndugu zangu. Inakufa kama nyingine zote, tofauti ni kwamba spea zake zipo kila kichochoro, na hilo kweli ni jambo kubwa, sikatai.

Kuna uongo mmoja nataka mwandishi mwenzenu auanike hapa. Tumezunguka yadi kadhaa, na kila tukigusa Hilux Vigo tunaambiwa "hii imetoka Japani juzi juzi, barabara za kule lami tupu". Sasa sikilizeni. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na ikairudisha 2017. Vigo iliyotengenezwa kati ya hapo huenda imeuzwa na kampuni ya Kijapani, lakini haikuzeekea kwenye barabara za Japani. Angalia namba ya chasisi. Ikianza na MR0 imetengenezwa Thailand, ikianza na AHT imetengenezwa Afrika Kusini. Si kasoro hata kidogo, magari hayo ni mazuri. Ila muuzaji anayekudanganya ilikotoka, kwenye mileji atakuambia nini?

Na zile zinazotoka Uingereza zina mambo mawili yake. Kwanza dashibodi inahesabu maili. Ukiona 100,000 ukafurahi, kumbuka hizo ni kama kilomita 160,000. Pili, kule wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi inakula chuma cha chini. Nissan Navara za umbo lile la D40 ziliandikwa sana huko kwao kwa chasisi kuoza mpaka kukatika. Kwa hiyo ukikuta pikapu imepakwa rangi nyeusi mpya chini, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, usishangilie. Chukua kinyundo kidogo, gonga chasisi taratibu, hasa nyuma, pale tela linapofungwa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya boksi. Muuzaji akikukataza kugonga, mshukuru, amekuokolea muda.

Lakini kitu ambacho sikukijua kabisa, na nimejifunza kwa fundi mzee mmoja wa Keko, ni habari ya springi. Pikapu nyingi hapa kwetu zimeongezwa springi nyuma ili zibebe zaidi. Sote tunaona ni sifa. Fundi akaingia chini akanionyesha kifimbo kimoja chembamba kinachotoka kwenye diferenshiali ya nyuma kwenda kwenye valvu ya breki. Pikapu nyingi za miaka hiyo wanacho. Kazi yake ni kuipima bodi: mzigo ukiwa mzito, bodi inashuka, kifimbo kinasogea, breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Bodi ikiwa tupu zinapunguziwa ili matairi ya nyuma yasikwame na gari likaserereka. Sasa ukiongeza springi, bodi haishuki tena. Valvu inadhani gari ni tupu, na wewe una jenereta, maturubai na tela nyuma. Breki za nyuma zinafanya kazi nusu nusu hasa siku unapozihitaji zaidi. Mara nyingine kifimbo kimekatwa kabisa na fundi aliyekiona kinamsumbua. Akanionyesha pikapu tatu palepale gereji, mbili zilikuwa hivyo. Nilikaa kimya. Ile ya jirani yetu ina springi za kuongeza, na tulikuwa tukimsifia nazo.

Mambo mengine ni ya kawaida. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu hakutaka ukisikie. Klachi: vuta hendibreki, weka gia ya tatu, achia taratibu. Injini inatakiwa izime. Ikiendelea kunguruma bila kuzima, klachi inateleza, na tela ndilo litakaloimalizia. Mfuniko wa rejeta, ukiona mafuta mafuta kwenye maji, rudi nyumbani. L200 za zamani zenye injini ya 4D56, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, ukijibiwa "bado mzima" weka gharama yake kwenye bei. Na chuma cha kufungia tela kifungwe kwa bolti kwenye chasisi, si kwenye bampa! Nimeona iliyochomelewa kwenye bampa, na inatembea Barabara ya Mandela hivi sasa.

Kuhusu injini, hapa nitagombana na vijana wenzangu. Mnapenda turbo na D-4D. Zina nguvu, zinakunywa kidogo, ni raha. Ila nozeli zake zikianza kuumwa kwenye gari la mitumba, gharama yake shemeji anaweza kununulia tela lingine. Kwa mtu anayezunguka Mbagala, Tandika, Kongowe na Pugu na viti vyake, mwendo wa 50, dizeli ya zamani isiyo na turbo, kama zile 3L na 5L za Toyota, au Isuzu ya enzi zile, inatosha. Itapanda mlima kwa kulalamika. Ipande kwa kulalamika, haraka ya nini na viti? Na iwe na kebini moja. Shemeji anataka dabo kebini, anasema familia nayo itapanda Jumapili. Dada alimjibu vizuri kuliko mimi: "Mume wangu, SACCOS haiendi kanisani na sisi."

Na namba za gari nazo zisiwazuzue. Mtu anasema "hii namba E" kana kwamba ni mpya. Herufi ile inakuambia gari limesajiliwa lini Tanzania, haikuambii limetengenezwa lini.

Tulipofika sasa ni hapa. Dada ameweka sheria: bei ya pikapu isizidi milioni 14. Milioni nne zinabaki kwake, si kwa shemeji, kwa ajili ya breki zote mpya, matairi, mkanda, uhamisho wa kadi na bima. Shemeji alinuna siku mbili. Ana Hilux moja ya milioni 17 na nusu ambayo dalali anampigia simu kila asubuhi, ina rimu za kung'aa na chini imepakwa ile rangi nyeusi. Na kuna Isuzu ya kebini moja, Tabata, milioni 13, rangi imepauka, kiti cha dereva kimepasuka, springi zake ni zilezile za kiwandani na kifimbo chake kipo.

Jumamosi tunakwenda kuziona zote mbili na mzee wa Keko. Nimeshanunua kinyundo.