Ramani ya ghala isiwe siri ya ofisi moja

Kwa kawaida hapa tunazungumza mbegu, viuatilifu na bei. Leo natoa maoni yangu kuhusu ramani za majengo, kwa sababu vikundi vingi na AMCOS vinajenga: maghala, vituo vya kukusanyia maziwa, mabanda ya kuchakata muhogo, ofisi. Fedha zinazoingia humo ni makato yenu ya msimu hadi msimu. Ramani ikivurugika, hasara ni yenu.

Maoni yangu ni haya: ofisi zinazochora majengo ziandike kwa pamoja utaratibu mmoja wa kuandaa na kukabidhiana taarifa za jengo, ziutoe bure kwa kila mtu, na sisi tunaojenga tuudai kwenye mkataba.

Lumbesa ya kwenye ramani

Lumbesa tunaijua inavyotuumiza. Hili ni gunia na lile ni gunia, lakini moja limefungwa sawasawa na jingine limeongezwa kichuguu juu. Jina moja, vipimo viwili, na anayepoteza ni mkulima.

Kwenye majengo nako kuna lumbesa yake. Mbunifu majengo anachora ghala, mlango mkubwa anauita M1 na kuupa upana wa milimita 3000. Mhandisi kwenye mchoro wake wa nguzo na zege anauita mlango huohuo D-03, tena kwa upana wa mchoro wa zamani. Mkadiriaji majenzi anauhesabu kwa jina la tatu. Fundi yeye anafikiri kwa futi, na mchoro alionao ni picha aliyotumiwa kwenye simu mwezi uliopita. Nguzo zikishasimama ndipo mnagundua lori haliingii. Kubomoa ni gharama. Kuacha hivyo ni kubeba magunia mgongoni kwa miaka yote ghala litakayodumu.

Nimeona vikundi vikigombana na fundi kwa jambo kama hili. Mara nyingi fundi hana kosa. Amefuata karatasi aliyopewa.

Dawa ipo, ila nayo inahitaji lugha moja

Siku hizi wabunifu wana njia inayoitwa modeli ya taarifa za jengo, kwa kifupi BIM. Zamani kompyuta ilichora mistari tu. Kwa BIM jengo zima linajengwa kwanza ndani ya kompyuta, na kila kitu kinabeba taarifa zake. Ukigusa mlango, unakuambia namba yake, upana, kimo, malighafi, hata lini upakwe rangi tena. Ukibadilisha upana wa mlango kwenye modeli, michoro yote inayotokana na modeli hiyo inabadilika.

Mfugaji ataelewa haraka. Ni kama daftari la mifugo ambamo kila ng'ombe ana hereni yenye namba, na kwa namba hiyo unapata umri, chanjo na maziwa yake. Lakini daftari hilo litasaidia nini kama mchungaji anamwita ng'ombe Sikujua, daktari wa mifugo anamwita 14, na wewe unamwita mweusi mwenye baka? Hapo ndipo ofisi nyingi za usanifu zilipo. Kila moja ina majina yake ya vitu, namna yake ya kupanga mafaili, na programu yake ya kompyuta.

Anayelipia ni mwenye jengo

Mwaka 2004 taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti kuhusu hasara ya taarifa za majengo kutosomeka kutoka ofisi moja hadi nyingine. Kwa mwaka 2002 walikadiria hasara ya dola bilioni 15.8 katika majengo makubwa ya biashara, ya umma na ya viwanda. Kati ya hizo, dola bilioni 10.6 ziliwaangukia wamiliki na waendeshaji wa majengo, yaani theluthi mbili. Wabunifu, makandarasi na wauzaji wa vifaa waligawana zilizobaki.

Hesabu hiyo ni ya Marekani, lakini sababu zake zipo hata kwetu. Mbunifu akishamaliza anakwenda kwenye kazi nyingine. Nyinyi mnabaki na paa linalovuja, na hakuna anayejua ni bati la geji gani lililowekwa wala bomba linapita wapi chini ya sakafu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jengo ni mali.

Wenzetu walifanyaje

Kule Ufini, Senaatti, shirika linalosimamia majengo ya serikali, lilianza Oktoba 2007 kudai modeli za namna hii katika miradi yake, tena kwa mfumo wa wazi unaoitwa IFC, ambao programu za kampuni mbalimbali zinaweza kuusoma. Mwaka 2012 miongozo hiyo ilipanuliwa ikawa ya nchi nzima, COBIM 2012, na ikawekwa kwenye intaneti bure.

Uingereza, watu wa ofisi mbalimbali za usanifu walikaa pamoja wakaandika kanuni za namna ya kutaja na kupanga vitu kwenye modeli, wakazitoa mwaka 2009 bila malipo. Wengine wakazichukua na kuzirekebisha kwa kazi zao. Mwaka 2011 serikali ikatangaza kwamba kufikia 2016 miradi yake itafanywa kwa BIM, na waraka mkuu wa kuongoza kazi hiyo, uliotoka 2013, uliweza kupakuliwa bure.

Kisha mwishoni mwa 2018 waraka huo ukapisha viwango vya kimataifa vya ISO 19650. Viwango hivyo ni vizuri, lakini vinauzwa. Ofisi kubwa ya London inanunua bila kuhisi. Kijana mwenye ofisi ya chumba kimoja kwenye mji wa wilaya anajiuliza anunue viwango au alipe pango. Kwa maoni yangu, kuvifungia kwa bei kulikuwa kurudi nyuma. Kanuni ambayo wengi hawawezi kuisoma haiwi kanuni ya wote.

Hoja za wanaopinga

Wapo wabunifu wanaosema utaratibu wao ni siri ya biashara, wameujenga kwa miaka mingi. Nawaheshimu, lakini sikubaliani. Kilo ni moja kwa maduka yote, na bado wafanyabiashara wanashindana kwa ubora, bei na uaminifu. Kipaji cha mbunifu kiko kwenye jengo analobuni. Jina la mlango kwenye faili halina kipaji.

Wengine wanasema haya ni ya maghorofa, ghala la kijiji halihitaji makubwa hayo. Hoja hii ina uzito. Kitabu cha mamia ya kurasa hakitamsaidia mtu hapa. Ndiyo maana napendekeza bodi, vyama vya wabunifu na vyuo vinavyowafundisha waandike toleo jepesi kwa majengo madogo, kwa Kiswahili, lisilozidi kurasa chache. Ofisi ndogo ndiyo itakayonufaika kuliko zote, maana haina muda wala watu wa kujitungia utaratibu wake.

Mfanye nini sasa

Msisubiri waraka huo. Kabla ya kutoa malipo ya kwanza kwa mbunifu, andikeni haya kwenye mkataba:

1. Kikundi kikabidhiwe mafaili yenyewe, pamoja na karatasi zilizopigwa muhuri. Kama kazi imefanywa kwa modeli, mpewe pia faili la IFC. Mkataba useme kikundi kinaruhusiwa kuyatumia kwa matengenezo na upanuzi wa jengo.

2. Kila mlango, dirisha na chumba kiwe na jina moja kwenye michoro yote na kwenye orodha ya gharama.

3. Kipimo kiwe kimoja, milimita, na siku ya kwanza fundi na mbunifu wapitie vipimo hivyo pamoja eneo la ujenzi.

4. Kila mchoro uwe na tarehe na namba ya toleo. Likija toleo jipya, la zamani liondolewe eneo la ujenzi, na picha zake zifutwe kwenye kundi la simu.

5. Ujenzi ukiisha, mpewe michoro ya jengo lilivyojengwa kweli. Katibu atunze nakala moja, na nyingine iwe nje ya ofisi, kwa sababu ofisi zinaungua na kompyuta zinaibwa.

Na wewe mwenye duka la vifaa vya ujenzi, jambo hili linakuhusu. Orodha ikisema nondo ya milimita 12 na bati la geji 28, uza hicho, na andika hivyohivyo kwenye risiti. Ukiuza nyembamba kwa jina la nene, umefanya lumbesa kinyume, na modeli nzuri ya mbunifu itakuwa inadanganya kuhusu jengo lililosimama.

Kikundi kimoja kikidai haya, mbunifu ataona usumbufu. Vikundi ishirini vya wilaya moja vikidai maneno yaleyale, ofisi zenyewe zitaona ni nafuu kukaa mezani na kukubaliana. Pelekeni hoja hii kwenye mkutano mkuu wenu ujao, kabla jiwe la kwanza halijawekwa.