Tuisome Mimea Yetu Kabla Hatujakohoa

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hewa chafu nayo ina dalili zake, ila tumezoea kuzitafuta kwenye mitambo tu. Nayo mitambo ni ghali, hutaka umeme, fundi na mlinzi. Nani ataweka mtambo kila kona ya msitu? Mimea ya asili imo humo tayari, usiku na mchana.

Mwaka 1866, huko Paris, mtaalamu wa mimea William Nylander alieleza kuwa laikeni, ule utando wa kijivu unaoshika magome ya miti, zilistawi katika bustani ya Luxembourg ilhali kwingineko mjini zimetoweka. Laikeni hazina mizizi. Hujilisha kwa mvua, ukungu na vumbi, na sumu ya hewani huzipata kwa njia hiyo hiyo. Marekani nako, wakaguzi wa misitu waliwahi kutazama majani ya mcheri mweusi wa porini. Ozoni, gesi ya hewa chafu, ikiyadhuru, upande wa juu hujaa vidoadoa vya zambarau katikati ya mishipa, upande wa chini ukabaki safi. Mdudu hali hivyo.

Anayedhani huku ni kubahatisha, na autazame mji wa Portland, huko huko Marekani. Mwaka 2013 watafiti walibandua kwenye miti ya mji huo sampuli 346 za kimmea kifupi cha kijani kiotacho kwenye magome. Vipimo vikaonyesha kadimiamu, metali yenye sumu, kwa wingi karibu na viwanda viwili vya vioo vya rangi. Mtambo ulipopelekwa ukathibitisha, na viwanda vikasitisha kuitumia. Mmea haukuchukua kazi ya mtambo. Uliuonyesha pa kwenda.

Kwa nini mimea ya asili? Mti mgeni ukinyauka, huenda ardhi imeukataa. Mti uliozoea udongo na mvua ya hapo ukibadilika, pana jambo la kuulizwa.

Basi misitu kama Karura, iliyozungukwa na magari ya Nairobi, na Pugu, jirani ya Dar es Salaam, isingoje mfadhili. Walimu, wapelekeni wanafunzi wahesabu laikeni kwenye miti iliyo kando ya barabara, kisha kwenye miti ya aina hiyo hiyo katika ukingo ulio mbali na moshi, mwaka hadi mwaka. Maofisa wa misitu, yapokeeni madaftari hayo na myafanyie kazi. Kazi hii yataka macho, kalamu na subira. Tuianze msimu huu.